Madoa Yasiyotoka kwa Sabuni

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini mawingu hayakuwa na haraka ya kuondoka. Yalitanda juu ya bati la kituo cha polisi huku matone yakidondoka moja moja kwenye pipa la pembeni, na baridi iliwafanya watu waongee mikono ikiwa kwapani.

Inspekta alifika saa moja kasoro. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, na kabla ya kupanda ngazi aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya kila siku kabla ya kazi. Alipokiinua, alimwona mama wa marehemu. Alikuwa kwenye benchi lile lile alilokalia tangu wiki iliyopita, na safari hii alikuwa na mfuko wa nailoni mapajani. Kaka yake, ambaye kituo kizima kilimwita Mjomba, alisimama nyuma yake na mwavuli uliofungwa.

"Shikamoo, mama."

"Sina marahaba za kukupa leo, mwanangu. Zimekwisha. Leo ni siku ya nane."

"Najua."

"Hakimu aliwapa siku nane. Saa nane mchana mtu wako anapelekwa mahakamani. Nimekuja kuuliza jambo moja: atasomewa mashtaka ya kuua, au nitaambiwa tena upelelezi unaendelea?"

"Na kama hasomewi," Mjomba alidakia, "basi mfungulieni mlango wa mbele atoke. Sisi tuko nje. Hatuna haja ya karani wala hakimu."

"Mzee, maneno hayo nimeyasikia, na koplo ameyasikia. Ukiyarudia nitayaandika."

"Yaandike, afande. Jina langu unalo."

Mtu wao alikuwa mfugaji wa samaki, aliyelala mahabusu mlango wa tatu kutoka hapo. Jumamosi ya tarehe tisa, alfajiri, mpima maji wa mtambo wa maji ya mji alikutwa kifudifudi katika bwawa la mfugaji huyo. Daktari alisema amekufa maji, na shingoni alikuwa na alama ya kubanwa. Wiki moja kabla, mpima maji alikuwa amemwambia mfugaji kwamba bwawa lake linachafua mto. Mfugaji alimjibu mbele ya watu watatu: "Ukirudi hapa utalala humu na samaki wangu." Jumamosi hiyo hiyo akakamatwa. Jumapili usiku watu wasiojulikana walimwaga sumu bwawani, na kulipopambazuka samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Mama alifungua mfuko. Akatoa sweta la kijivu, lililofumwa kwa mkono, limekunjwa vizuri.

"Nimelifua mara tatu. Sabuni ya mche, maji ya moto, nikalisugua na brashi ya viatu. Damu imetoka. Matope yametoka. Haya hayatoki." Alikunjua mkono wa sweta kwenye goti. "Uchafu wa bwawa la muuaji umemng'ang'ania mwanangu mpaka kwenye sufu. Nataka hakimu auone kwa macho yake."

Inspekta aliinama. Juu ya sufu kulikuwa na chembe za rangi ya majivu, ndogo kuliko punje ya ufuta, mamia kwa mamia. Zilikuwa kifuani, mabegani na katika mikono yote miwili. Alijaribu kuikwangua moja kwa ukucha. Haikutoka. Aligeuza sweta nyuma. Pale chini ya ukosi, kwenye kisogo, palikuwa na sehemu safi kabisa, ukubwa wa kiganja.

"Hapa ulipasugua zaidi, mama?"

"Nilisugua kote sawa."

"Na sweta hili umelipata wapi?"

Koplo, kijana mrefu aliyesimama mlangoni na daftari la zamu, aligeuka kuangalia pipa la maji kana kwamba lilimwita.

"Koplo."

"Afande, siku ile mochwari mama alilia sana. Alisema alilifuma mwenyewe. Nikaona, ni sweta tu."

"Sweta tu."

"Mabuti na soksi vipo, afande. Vimefungwa kwa lakiri. Hivyo sijavigusa."

"Mungu akudumishe hivyo hivyo, usiguse kitu." Inspekta alimgeukia mama. "Naliazima hili. Nitalirudisha kabla ya saa nane."

"Utalirudisha na jibu."

"Na jibu."

*

Bibi Hadubini alikuwa amestaafu mara mbili na mara zote mbili chuo cha afya kilimfuata kumrudisha. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya maktaba. Kulikuwa na jokofu lililokoroma, rafu tatu za mitungi ya kioo, na hadubini iliyofunikwa kwa taulo safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mwenyewe alivaa miwani miwili, mmoja usoni, mwingine juu ya nywele nyeupe.

"Polisi huja kwangu kwa mambo mawili tu," alisema bila kugeuka. "Malaria au maiti. Wewe ni lipi, binti?"

"Maiti, bibi."

"Afadhali. Mwenye malaria hulalamika sana. Yule mtungi wa maji ya bwawa mlioniletea wiki iliyopita nimeumaliza. Keti uone."

Inspekta alikaa. Katika mwanga wa hadubini kulikuwa na kitu kama mkeka mdogo wa risasi nyeusi zilizosimama wima, bega kwa bega.

"Mayai ya mbu wa kawaida," Bibi alisema. "Yameshikana yakawa chelezo. Ganda la chini linapenda maji, la juu linayakataa. Ukilizamisha, linaibuka kama bata. Sogeza kisahani. Hayo ni ya mbu wa malaria. Kila moja linaogelea peke yake, na ubavuni lina maboya mawili yenye hewa. Sogeza tena."

"Naona bua la jani."

"Ndani ya bua kuna yai la nge wa maji. Juu yake unaona nini?"

"Nywele mbili."

"Pembe za kupumulia. Yai limezama ndani ya bua, pembe zimebaki hewani. Zimejaa vitundu vidogo ambavyo maji hayawezi kuviingia, kwa hiyo hata bwawa likijaa, kiasi fulani cha hewa kinabaki kimenaswa humo na aliye ndani hafi." Alikohoa. "Binti, watu hudhani ganda la yai ni ukuta. Kwa mdudu wa majini ganda ni mapafu, ni jahazi, ni mlango. Mungu hakufanya kazi ya kulipua. Sasa niambie, katika mtungi ule wa bwawa, kila yai linahangaika na nini?"

"Pumzi."

"Pumzi. Maji yaliyolala hayana hewa ya kutosha. Hakuna hata moja linalohofia kusombwa, kwa sababu bwawani hakuna cha kulisomba. Haya, lete hilo sweta."

Alikata uzi mmoja kwa mkasi mdogo, akauweka chini ya lenzi, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani ya usoni na kuvaa ile ya kichwani.

"Nani kafua hili?"

"Mama yake. Mara tatu."

"Maskini. Alikuwa anakaza. Tazama."

Inspekta alitazama. Chembe moja ya majivu sasa ilikuwa yai refu, na ganda lake lilikuwa na michoro ya vyumba vyumba kama sega la nyuki. Kwenye ncha zake zilitoka kamba nyembamba, na kila kamba iliishia kwenye kifundo kilichojibana juu ya uzi wa sufu.

"Nanga," alisema.

"Nanga! Wewe ungesoma wadudu, ungeacha kukimbizana na wezi. Yai hili likiwa kavu, kamba zimejikunja kama utepe ndani ya kofia. Likigusa maji tu, kofia inalegea, kamba zinafunguka, vifundo vinanata juu ya kitu cha kwanza vinachokutana nacho. Jiwe, mzizi, sweta, havichagui. Gundi yake inakazwa na maji yenyewe. Ukilitia maji ya moto unamuua aliye ndani, lakini ganda halikuachii. Sasa, nani anahitaji nanga?"

"Anayeishi kwenye maji ya kasi."

"Katika bwawa lako hakuna hata moja kama hili. Nimehesabu mtungi mzima."

Koplo, aliyesimama nyuma yao na mfuko wa mabuti na soksi, alikuwa ameanza kutabasamu. Inspekta hakutabasamu. "Nguo iliyopita kwenye beseni la mama haina thamani mahakamani. Fungua mfuko."

Koplo aliweka mfuko wa ushahidi mezani. Inspekta alisoma namba ya lakiri kwa sauti, Koplo akaiandika, Bibi akatia saini, saa ikaandikwa: mbili na dakika arobaini. Soksi ya kulia ilitoka ikiwa bado na unyevu. Bibi alikata kipande cha juu na kukiweka chini ya lenzi.

"Yale yale. Na humu hayakupikwa na mtu. Mengine yameanguliwa, unaona kifuniko kimefunguka? Aliyekuwamo amehama. Nyumba ni tupu, lakini bado imefungwa kwa kamba."

"Yanatagwa na nani, na lini?"

"Na wale mnaowaita kumbikumbi wa mtoni. Si kumbikumbi, lakini siwezi kugombana na mji mzima. Wana mikia mitatu kama nyuzi na wanaishi siku moja. Hutoka pamoja jioni moja, baada ya mvua kubwa ya kwanza, hutaga juu ya maji, hufa." Alichomoa daftari lenye jalada la kitambaa, akalowesha kidole na kufunua. "Naandika kila mwaka. Mwaka huu, Ijumaa, tarehe nane. Walianza saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na nusu walikuwa wamekwisha."

"Kwa hiyo marehemu alikuwa ndani ya maji ya kasi katika saa hiyo moja."

"Yai halisemi uongo. Halina sababu."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Mfugaji saa hizo alikuwa wapi?"

Koplo hakuhitaji daftari. "Kikao cha wazazi shuleni. Watu arobaini walimwona. Alitoka saa tatu. Ndiyo maana tulisema aliua baada ya saa tatu."

"Tulisema," Inspekta alirudia polepole. "Na mto wetu hapa umelala. Ukuta wa kuzuia maji umeusimamisha. Maji yanakimbia wapi?"

"Mahali pamoja tu, afande. Mfereji wa kuingizia maji mtamboni."

"Ambao tulikatazwa kuchukua maji yake, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mhandisi."

"Ndivyo alivyosema msimamizi wa zamu."

Kabla ya kukunja sweta, Inspekta alilaza kisogo chake chini ya taa. "Bibi, hapa hakuna yai hata moja."

Bibi Hadubini aliangalia. Akaweka kiganja chake juu ya ile sehemu safi. Kilienea. Akakitoa haraka na kukifuta kwenye koti.

"Kuna kitu kilifunika."

"Kitu gani?"

"Mimi ni mtu wa mayai, binti. Wewe ndiye mtu wa mikono."

"Na mkono huo mayai yangeushika?"

"Yangeushika. Lakini ngozi hujichubua, siku mbili tatu yamekwenda. Nguo haijichubui. Tafuta nguo iliyovaliwa na mkono huo."

*

Walipitia kwa hakimu kuchukua hati ya upekuzi. Saa tano kasorobo walikuwa getini.

Mtambo wa maji ulikuwa na majengo manne ya matofali na kengele ya chuma iliyoning'inia mbele ya ofisi ya zamu. Msimamizi wa zamu aliigonga mwenyewe kila baada ya saa nane, kwa miaka mingi kiasi kwamba wafanyakazi walimwita Kengele. Walisema hata akilala mkewe hujua saa.

Inspekta hakuanzia kwake. Alianzia nyuma, kwenye chumba cha kufulia, ambako mwanamke mnene aliyefunga kilemba alikuwa anakamua ovaroli. Kando yake ukutani kulikuwa na misumari, na juu ya kila msumari namba iliyopakwa rangi.

"Karibu, mama afande. Usikae hapo, pana maji. Usikae na hapo, pana maji pia. Simama tu."

"Nguo hizi zinafuliwa lini?"

"Jumatano, zote, na mimi. Hakuna anayekwenda na ovaroli nyumbani. Dawa za maji zinaweza kumdhuru mtoto. Ni sheria ya hapa tangu zamani."

"Kuna mtu aliyefua ya kwake mwenyewe karibuni?"

Mfuaji alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Ajabu ya mwaka! Bosi. Jumamosi ile aliyokutwa marehemu, nimefika saa kumi na mbili asubuhi, namba moja iko kwenye kamba inadondosha maji. Miaka kumi na mmoja sijamwona Kengele akishika sabuni. Hata kikombe chake cha chai nakiosha mimi. Nikamtania, bosi, leo jua litatokea magharibi."

"Akasemaje?"

Kicheko kilikatika. "Akaniambia nifunge bakuli langu. Nikafunga. Na ile ovaroli haikutakata, mama. Nimeirudia Jumatano, ina chenga chenga mikononi hazitoki. Nikadhani saruji."

"Iko wapi?"

Aliitazama misumari. Namba moja ilikuwa inaning'inia. Inspekta hakuigusa. Alitoa lenzi ya mkononi aliyopewa na Bibi, akaisogelea. Chembe zilianzia kwenye pindo la mkono wa kulia, zikapanda, zikapita kiwiko, zikafika kwapani. Mkono wa kushoto hivyo hivyo. Kifuani hapakuwa na kitu.

"Koplo, mfuko mkubwa. Namba ya lakiri uisome kwa sauti. Na leo usimpe mtu, hata akilia."

"Ndiyo, afande."

Baada ya hapo walivunja kufuli la lango la mfereji. Maji yalipita humo kwa kishindo, meupe, kuelekea kwenye wavu wa chuma. Koplo alilala kifudifudi ukingoni akaopoa jiwe. Upande wake mmoja ulikuwa umefunikwa na chembe za majivu.

*

Kengele aliwapokea amesimama. Alikuwa mtu wa mashavu makavu, shati limepigwa pasi, filimbi shingoni ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiipuliza.

"Mngepiga simu, afande. Ningewaandalia viti."

"Tutasimama. Ijumaa tarehe nane, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu jioni, ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kwenye kiti hiki."

"Hukushuka mfereji?"

"Mfereji sijaushuka tangu Januari. Tangu wale wanaoandika andika waseme sijui kuusafisha."

"Wanaoandika andika ni nani?"

"Marehemu. Mungu amrehemu." Alisema haraka, kama mtu anayetema mbegu.

"Aliandika nini?"

"Waulize wakubwa. Yalikwisha."

Inspekta aliweka hati ya upekuzi mezani na kumwonyesha Koplo kabati la chini. Droo ya kwanza ilikuwa na kalamu. Ya pili ilikuwa na karatasi moja tu, iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mikunjo ikaanza kupasuka. Koplo aliisoma kwa sauti. "Mimi, msimamizi wa zamu, naomba radhi mbele ya wafanyakazi wenzangu kwa kuandika kwamba nimesafisha wavu wa mfereji ilhali sikuusafisha, na kwa kuhatarisha..."

"Imetosha," Kengele alisema.

"Ulisomeshwa wapi?"

"Pale nje. Chini ya kengele yangu."

"Mbele ya watu wangapi?"

"Mia moja na sita."

"Uliwahesabu."

Inspekta aliweka mezani mfuko wenye ovaroli, namba moja ikionekana. Kando yake akaweka jiwe lililolowa.

"Chembe hizi ziko kwenye jiwe la mfereji, kwenye soksi ya marehemu, na kwenye mikono ya nguo yako mpaka kwapani. Nieleze."

Kengele alitazama jiwe. "Nilisafisha wavu. Nilisahau kusema."

"Lini?"

"Ijumaa... hapana, Alhamisi. Alhamisi asubuhi."

"Alhamisi hawa wadudu walikuwa bado hawajatoka. Wametaga jioni moja tu, Ijumaa, saa moja ile uliyokuwa kwenye kiti hiki."

"Basi ilikuwa Ijumaa! Nilisafisha Ijumaa. Mtu akifanya kazi yake ni kosa?"

"Ulisafisha Ijumaa wavu ambao hujausafisha tangu Januari, ukasahau kuuandika kitabuni, wewe uliyesomeshwa radhi kwa kuandika usafi ambao hukuufanya. Halafu kesho yake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, ukashika sabuni. Na sweta la marehemu lina chembe mwili mzima isipokuwa kisogoni. Pana nafasi ya kiganja. Nyoosha mkono wako, tupime."

Mkono haukunyooka. Ulirudi nyuma ya mgongo.

Nje, mkokoteni wa kubebea magunia ya dawa ulipita ukilia gurudumu. Kengele aliusikiliza mpaka ukapotea. Inspekta naye aliusikiliza.

"Mpaka kwenye bwawa la mfugaji ni mteremko," Inspekta alisema. "Mkokoteni ungeteleza wenyewe. Na ugomvi wao mji mzima uliujua."

"Niliosha," Kengele alisema. Sauti yake haikuwa ya kukiri. Ilikuwa ya kulalamika, kama ya mtu aliyeuziwa sabuni mbovu. "Niliosha kwa maji ya mtambo. Maji safi kuliko yote katika mji huu."

"Maji ndiyo yaliyokaza."

"Alinisimamisha pale chini ya kengele yangu. Ile karatasi ukiisoma taratibu inachukua dakika tatu. Dakika tatu, watu mia na sita, wengine wanacheka. Nilipomkuta ameinama na chupa yake ya kupimia, nikamwambia, na wewe soma zako tatu." Alinyanyua macho kwa Koplo. "Hata dakika moja sikumzidishia."

Koplo alimfunga pingu.

*

Saa saba na nusu ua wa kituo ulikuwa umejaa watu. Habari ilikuwa imevuja kwamba mfugaji anatolewa, na hakuna aliyejua kwa nini. Mjomba alikuwa mbele, mwavuli mkononi, na nyuma yake vijana kadhaa walioshika vitu ambavyo Inspekta aliamua kuvihesabu baadaye.

Alimwendea mama kwanza. Alimketisha kwenye benchi lake, akamrudishia sweta, akamweleza yote, kuanzia kamba na vifundo mpaka dakika tatu. Hakupunguza neno. Mama alisikiliza huku kidole chake kikitembea juu ya sufu, chembe kwa chembe.

"Kwa hiyo nilipokuwa nasugua..."

"Hukuharibu kitu, mama. Haya hayaharibiki kwa kusuguliwa."

"Na yule wa ndani?"

"Hana hatia. Anatoka sasa hivi."

Mama aligeuza sweta nyuma. "Hii sehemu safi. Ndipo alipomshika?"

"Ndipo."

Aliikunja ile sehemu kwa ndani, isionekane. Kisha akanyanyuka.

Mfugaji wa samaki alitoka akiwa hana mkanda, suruali ameishikilia kwa mkono. Kishindo cha watu kilipanda. Mjomba alipiga hatua moja, na mama akatanua mkono wake mbele ya kifua cha kaka yake kama fimbo ya geti.

"Rudi nyuma. Siye."

"Siye? Dada, siku nane tunalala na jina lake!"

"Nimekwambia siye. Baba," alimwita mfugaji, "samaki wako niliwaua mimi. Nilimwaga dawa ya nyasi. Huyu alinishikia tochi."

"Dada!" Mjomba aliangalia kulia na kushoto, kisha akamwangalia Inspekta. "Tochi yenyewe haikuwa na betri nzuri."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mfugaji alimtazama mama kwa muda. Ndevu zilikuwa zimemwota mahabusu, nyeupe.

"Mama, mimi na mwanao tuligombana. Lakini alikuwa sahihi. Bwawa langu lilikuwa linachafua mto. Nilikuwa nimeanza kuchimba mtaro siku ile mliyokuja kunikamata."

"Nitakuja kuumalizia huo mtaro. Mimi na mwenye tochi. Na mashtaka ukitaka kuyafungua, afande yupo hapa na kalamu mbili."

Ndipo gari likaingia. Koplo alishuka kwanza, kisha Kengele, amefungwa pingu, shati bado limenyooka. Vijana walisogea. Jiwe moja lilirushwa, likagonga ubavu wa gari. Mama hakugeuka. Alitembea katikati ya ua mpaka akabaki hatua mbili kutoka kwa mtu huyo, na kila mtu akanyamaza, hata mwenye jiwe la pili.

Alilikunjua sweta, akamnyooshea, karibu na uso.

"Lifahamu vizuri."

Kengele aligeuza macho.

"Litazame. Hutaki? Utalitazama. Nyote mliopo nisikilizeni, na Mungu anisikilize, kwa sababu sitasema mara mbili. Mkono wangu hautakugusa, wala wa kaka yangu, wala wa kijana yeyote hapa. Atakayekugusa atakuwa ameninyang'anya haki yangu. Sitaki ufe. Namwomba Mungu akupe umri mrefu kuliko uliompa mwanangu, na kumbukumbu nzuri, na koo linalosikia kiu. Kila utakapoinua kikombe cha maji, umkute yeye ndani. Na kila siku utakayoletwa mbele ya hakimu, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka nywele zako ziishe, nitakuwa kwenye benchi la mbele na sweta hili mapajani. Wanisugue kwa brashi, wanimwagie maji ya moto. Naahidi mbele ya hawa wote: sing'oki."